Abiria anapanda bodaboda, mguu unapita juu ya siti: leya ibadilike fremu ipi?

Fundi Vikaragosi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wale wa katuni za 2D sogeeni karibu, wengine mnaweza kupita tu.

Uzi huu unahusu sekunde moja ya katuni. Nilipewa kazi ya tangazo fupi la usalama barabarani, na kwenye skripti kulikuwa na mstari mmoja usio na makuu: abiria anapanda bodaboda, anavaa helmeti, wanaondoka. Mwandishi wa skripti alimaliza hapo akaenda kunywa chai. Mimi hilo neno "anapanda" lilinila siku tatu.

Hebu ichoreni kichwani. Kamera inaitazama pikipiki ubavuni, upande wa kushoto. Abiria amesimama upande wetu, kwa hiyo mwili wake wote na miguu yote miwili iko mbele ya pikipiki. Anakanyaga kwa mguu wa kushoto, anauzungusha wa kulia juu ya keria, anakaa. Sasa mguu wa kushoto bado uko mbele ya pikipiki, ila wa kulia umehamia ng'ambo, na siti na gurudumu la nyuma vinatakiwa viufunike. Mtu ni yule yule na mguu ni ule ule, lakini foleni ya nani yuko mbele imebadilika katikati ya mwendo.

Toleo la kwanza sikubadilisha chochote. Abiria akaishia na miguu yote upande mmoja, kama mama aliyekaa upande kwa sababu ya sketi, ila kiwiliwili kimetazama mbele kama shujaa. Nikacheka mwenyewe nikafuta. Toleo la pili nikabadilisha mpangilio wa leya (tabaka za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine) lakini fremu mbaya (fremu ni ile picha moja moja inayounda mwendo), nikalituma hivyo hivyo usiku kwa uchovu. Mteja hana hata neno moja la kitaalamu la kazi yetu, akajibu tu: "Hapa kwenye kukaa kuna kitu kimeruka." Alikuwa sahihi kabisa.

Natumia Moho. Kwa wageni: ni programu ya kuhuisha wahusika kwa mifupa (vijiti visivyoonekana vinavyouvuta mchoro), iliandikwa na Mike Clifton, ilianza 1999. Kuna miaka mingi iliuzwa kwa jina la Anime Studio kabla jina la Moho halijarudi 2016, kwa hiyo mkikuta mafunzo ya zamani yenye jina lile msiyaruke, mengi bado yanafaa.

Ndani ya Moho leya iliyo juu kwenye orodha ndiyo iliyo mbele kwenye picha. Hilo kila mtu analijua siku ya kwanza. Kinachosumbua ni kwamba ukienda fremu ya 40 ukaburuta leya ya mguu kuiweka chini ya pikipiki, umeibadilisha katuni nzima tangu mwanzo. Programu haijui kwamba ulitaka ianzie pale. Inabidi uiambie. Bofya mara mbili leya ya juu inayobeba viungo vyote, mipangilio ifunguke, nenda kichupo cha Depth Sort, weka tiki palipoandikwa Enable animation of layer order. Ukirudi kwenye mstari wa muda sasa, kila ukiburuta leya kwenye fremu fulani, ufunguo, yaani alama inayoshika hali ya kitu kwenye fremu ile, unajiweka hapo.

Angalieni: tiki inawekwa kwenye leya ya mzazi, si kwenye mguu. Mimi mwenyewe niliutafuta huo mpangilio kwenye leya ya mguu karibu saa nzima, maana akili inasema anayehama ni mguu, basi mguu ndio wenye ruhusa ya kuhama. Sivyo. Mguu haujui uko wa ngapi. Orodha ya foleni anaishika mzazi, na ufunguo utauona ukiwa umesimama kwenye mzazi.

Hiyo ndiyo sehemu ya kubofya, na ni dakika mbili. Siku tatu zilikwenda kwenye swali jingine: fremu ipi?

Nyendo zetu nyingine zote zina katikati. Mkono ukitoka hapa kwenda pale, unaweka ufunguo mwanzo na mwisho, programu inajaza njia. Mpangilio wa leya hauna katikati. Hakuna kuwa nusu mbele ya siti. Fremu hii yuko mbele, fremu ifuatayo yuko nyuma, basi. Sasa jicho la mtazamaji lina uwezo wa ajabu wa kunasa kitu kilichotoweka kwa fremu moja, hata kama hawezi kukueleza alichokiona.

Tangazo lilikuwa la fremu 25 kwa sekunde. Mguu wa kulia unaondoka ardhini fremu ya 32, unafika juu kabisa fremu ya 43, abiria ametulia kwenye siti fremu ya 54. Ufunguo wangu niliuweka 54. Hoja yangu ilikuwa: akishakaa ndipo mguu umefika ng'ambo. Kumbe kati ya 45 na 54 paja lote lilikuwa linashuka likiwa limeifunika siti, halafu kwenye 54 likamezwa ghafla. Hicho ndicho mteja alichokiona kikiruka.

Mahali sahihi ni pale ambapo mguu na pikipiki havigusani kabisa kwenye picha. Vitu viwili visipogusana, hakuna anayeweza kusema kipi kiko mbele, kwa hiyo unaweza kuvibadilishia foleni na dunia isijue. Jaribio langu siku hizi ni hili: nasimama kwenye fremu, nabadilisha mpangilio, narudisha, nabadilisha, narudisha, macho yakiwa kwenye picha na si kwenye orodha. Picha isipotikisika, nimepata. Ikitikisika hata kwa upana wa kiatu, nasogea fremu moja.

Nikajaribu 43, mguu ukiwa juu. Ilitikisika kidogo. Chini ya paja palikuwa bado panaigusa siti kwa nyuma. Nikajaribu 42, 44, 41. Zote zinatikisika. Hapakuwa na fremu hata moja kwenye mzunguko mzima ambapo mguu uko huru.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa halikuwa kwenye leya. Kosa lilikuwa kwenye uhuishaji wenyewe. Nilimchora mtu anayepanda pikipiki bila kuinua mguu wa kutosha. Nikashuka kijiweni kwetu nikakaa nikiangalia abiria wanavyopanda (bodaboda mmoja akaniuliza naenda wapi mara nne). Mtu halisi anajiinua kwanza kwa mguu wa kushoto, nyonga inapanda juu ya usawa wa siti, anaegemea mbele kidogo, ndipo goti linapita. Asipofanya hivyo anaipiga keria teke. Nikarudi, nikainua nyonga, nikakunja goti zaidi kwenye 41 mpaka 44. Nikapata fremu mbili nzima ambazo mguu unaelea hewani. Ufunguo ukaingia 43, na mwendo wote ukawa mzuri kuliko kabla.

Kwa hiyo nikiona mpangilio wa leya unagoma, siku hizi sianzi na menyu. Naanza na pozi.

Karibuni kwa maswali na matusi.

Kijana wa Buguruni

Mkuu, uzi wa maana huu. Ila nimefuata hatua zako nimekwama. Tiki nimeweka kwenye mhusika. Nikitaka kuushusha mguu chini ya pikipiki nashindwa, maana pikipiki iko kwenye kundi lake mwenyewe, na mhusika kwenye kundi lake. Nikimshusha mhusika anashuka mzima mzima, anakuwa nyuma ya pikipiki na kichwa chake.

Fundi Vikaragosi

Kijana, hiyo niliiruka kwa uvivu, na ndiyo yenye kesi. Foleni inabadilika ndani ya familia moja tu. Mguu unaweza kupishana na ndugu zake, hauwezi kutoka ukaenda kupanga foleni ya jirani. Wewe unataka pikipiki ikae katikati ya mtu: torso na mguu wa kushoto huku, mguu wa kulia kule. Kama mkate na siagi. Siagi haiwezi kuwa kwenye sahani nyingine.

Nilichofanya mimi ni kuiingiza pikipiki ndani ya kundi la abiria. Jiandae na kioja: leya yoyote ikiingia kwenye leya ya mifupa, mifupa inaiona ni nyama yake. Nilipokunja goti la abiria, gurudumu la nyuma likavutika likawa kama chapati. Dawa yake ni kuifunga leya ya pikipiki kwenye mfupa mmoja tu. Nilichora mfupa mfupi pembeni usio na kazi nyingine, nikaifunga pikipiki yote hapo, ikatulia.

Ila usije ukaendesha rigi hiyo (mhusika aliyeshafungwa mifupa yake) barabarani. Mimi shoti ya kupanda ni shoti ya kupanda, inakatwa akishakaa. Shoti inayofuata wanaondoka, hapo nina rigi nyingine ambayo mguu wa ng'ambo umeshachorwa nyuma tangu fremu sifuri, na hakuna kinachobadilika. Sioni sababu ya rigi moja kufanya kila kitu.

Jambo dogo: mguu wa kulia wote, paja, muundi na kiatu, uwe umefungashwa kwenye kikundi kimoja kidogo. Ukiviacha leya tatu huru utakuja kuhamisha viwili ukasahau kiatu.

Pacha Wawili

Mnajisumbua. Mimi sijawahi kugusa hiyo tiki. Nakopi mguu, mmoja naweka mbele ya pikipiki, mwingine nyuma. Yote miwili inafuata mifupa ile ile. Fremu ya 43 wa mbele nauzima, wa nyuma nauwasha. Kazi imekwisha, na hii inakubali programu yoyote ile, hata zile ambazo leya zake hazibadiliki kabisa. Wanaotumia After Effects wanalijua hili, kule mpangilio wa leya hauwekewi ufunguo, unaikata leya vipande viwili kwa Ctrl+Shift+D na kile cha pili unakishusha chini.

Fundi Vikaragosi

Pacha, sikatai, ni njia safi na nimeitumia. Iliniuma siku mteja aliposema suruali iwe ya khaki badala ya bluu. Nikapaka mguu mmoja. Abiria akapanda na khaki akakaa na bluu. Ukiwa na viungo viwili vya kubadilisha, sawa. Mhusika anayecheza ngoma, mikono yote inapita mbele na nyuma kila mpigo, utakuwa na maiti za mikono kila kona ya faili.

Pacha Wawili

Ndiyo maana kuna leya rejea, mkuu. Kopi inafuata ya kwanza, ukipaka moja zote zinapakwa.

Fundi Vikaragosi

Hapo umenipiga. Nakubali.

Mchora Gemu 254

Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni wa gemu, natumia Spine, programu ya kuhuisha wahusika wa gemu kwa mifupa, na kwetu hili jambo lina jina lake rasmi na ufunguo wake rasmi kwa sababu mhusika mmoja anacheza uhuishaji ishirini tofauti kwenye mifupa ile ile. Mpangilio wa kuchora ni wa mhusika mzima, hauna habari za familia kama kwa Fundi. Kila nafasi ya kiungo, sisi tunaita sloti, iko kwenye orodha moja ndefu, na ufunguo mmoja unashika orodha yote kwa wakati ule. Kwa hiyo tatizo la Kijana wa Buguruni kwetu halipo.

Lakini sisi tuna letu. Kwenye filamu unajua fremu ya 43 itafuatwa na ya 44. Kwenye gemu mchezaji anaweza kubonyeza kitufe wakati wowote. Jamaa anakimbia na bunduki imening'inizwa mgongoni, unabonyeza, anaanza kupiga risasi. Programu inachanganya mkimbio na upigaji kwa, tuseme, sehemu mbili za kumi za sekunde. Mifupa inachanganyika vizuri, mkono unasafiri polepole. Mpangilio je? Hauwezi kuchanganyika. Spine kwa kawaida yake inautupa mpangilio wa uhuishaji unaoondoka pale pale mchanganyiko unapoanza. Unaona bunduki bado iko mgongoni, lakini tayari imechorwa mbele ya kifua. Nilidhani ni hitilafu ya injini, nikapoteza wikendi nzima.

Kuna namba unaweza kuirekebisha kwenye msimbo wa gemu ili mpangilio wa zamani ushikiliwe kwa muda fulani wa mchanganyiko, na hali yake ya kuanzia ni sifuri. Mimi niliipandisha kidogo kwa mhusika huyo. Lakini suluhu iliyotulia ilikuwa kama ya Fundi: tukaongeza uhuishaji mfupi wa kuichomoa bunduki, ambapo kuna wakati bunduki iko juu ya bega, haigusi chochote. Hapo ndipo ufunguo ulipo. Wabunifu wa gemu walilalamika kwamba inachelewesha risasi. Tukabishana. Ikapunguzwa ikawa fremu nne.

Mama Z

Natumia Harmony ya Toon Boom kazini, na naongezea kitu ambacho Fundi hawezi kukiona kwenye Moho. Kwetu hatuburuti leya kwenye orodha. Kila kiungo kina namba ya umbali, ile Z, na tunakisogeza mbele au nyuma kwa Alt na mshale wa juu au wa chini. Hatua ni ndogo mno kiasi kwamba ukubwa wa mkono haubadiliki machoni. Uzuri wake, kiungo kinaweza kupita katikati ya vingine bila kugusa orodha.

Ubaya wake, Z ni namba kama namba nyingine, na programu inapenda kujaza njia. Ukiweka ufunguo mbele kwenye fremu ya 30 na ufunguo nyuma kwenye fremu ya 50, mkono hautabadilika 50. Utabadilika pale namba zake zitakapopishana na za kiwiliwili, huenda 40, huenda 37, kutegemea mkunjo wa mwendo kati ya funguo hizo mbili. Mtu anaona mkono umezama tumboni mahali ambapo hakuweka ufunguo wowote, anachanganyikiwa. Funguo za Z zifanyeni za kuruka, zisizojaza njia. Wanafunzi wangu wa kwanza kufundishwa Harmony wote wanaanguka hapo, hata mimi nilianguka hapo.

Nasikia na wa Live2D, programu ya kuhuisha mchoro mmoja wa 2D, wana shida ya ukoo huo huo. Namba yao inatoka 0 hadi 1000 na kila kitu kinaanzia 500, halafu inafungwa kwenye parameta ya kugeuza kichwa. Nywele za pembeni zinabadilika katikati ya kugeuka.

Fundi Vikaragosi

Mama Z asante sana. Kumbe kuna programu za foleni na programu za namba. Kwenye foleni badiliko linatokea pale ulipoweka ufunguo, kwenye namba linatokea pale namba zinapopishana. Hata Moho ina upande huo wa pili, unaweza kuiambia ipange leya kwa umbali. Sijawahi kuutumia kwa mhusika, naogopa kamera ikisogea.

Mzee wa Kalamu

Vijana, nawasoma. Mimi nilijifunza kazi hii kabla kompyuta hazijaingia kwenye meza ya mchoraji, kwa hiyo mniruhusu nitoke kidogo nje ya mada.

Hizi leya zenu zilikuwa karatasi za plastiki angavu. Mmarekani Earl Hurd ndiye aliyeombea hataza ya kuzitumia, mwaka 1914, ili msanii asirudie kuchora mandhari kwenye kila picha. Kubadilisha nani yuko mbele kwetu hakukuwa na tiki. Kulikuwa na karatasi ndefu ya kumwelekeza mpiga picha, ina safu za leya, na kila mstari ni fremu moja. Ukitaka mkono uliokuwa leya ya pili uhamie ya nne kuanzia fremu ya 43, unauandika kwenye safu ya nne kuanzia mstari wa 43. Yule wa kamera anainua plastiki, anazipanga upya, anapiga. Ndicho anachofanya Fundi, ila kwa vidole.

Sasa tatizo ambalo ninyi hamlijui. Ile plastiki haikuwa angavu kabisa. Kila unapoongeza moja juu, rangi ya chini inafifia kidogo. Kwa hiyo rangi ya ngozi ya leya ya chini ilikorogwa tofauti na rangi ya ngozi ya leya ya juu, ili kwenye filamu zifanane. Ukiuhamisha mkono kutoka leya ya nne kwenda ya pili katikati ya shoti, mkono unabadilika rangi mbele ya watu. Kuruka kwa mguu ni afadhali. Kwa hiyo tulipanga mapema sana nani atakaa wapi, na tukiweza kukwepa kupishana, tulikwepa.

Kijana wa Buguruni

Shikamoo mzee. Hiyo ya rangi imenivunja mbavu. Nimeifunga pikipiki kwenye mfupa wake, imekubali. Gurudumu halijawa chapati.

Mzee wa Kalamu

Marahaba. Na umwambie abiria wako avae helmeti kabla ya kupanda, ni tangazo la usalama hilo.

Fundi Vikaragosi

Mzee skripti inasema anavaa baada ya kupanda 😅 Ila ni kweli, helmeti nayo ni kesi: ganda la nyuma linakaa nyuma ya kichwa, kioo kinakaa mbele, mkanda unapita chini ya kidevu. Nilichora mbili tofauti nikamaliza.

Binti Makunduchi

Asalaam aleikum. Kaka Fundi, mie nina swali ambalo sidhani kama foleni yako itanisaidia. Nina mhusika bibi anajifunga khanga. Anaishika kwa mikono miwili nyuma ya mgongo, anaivuta upande mmoja ikapita kifuani, kisha upande wa pili juu yake, anasokota pembe anachomeka. Khanga ni moja. Muda wote kuna sehemu iko nyuma ya mwili na sehemu iko mbele. Nikiiweka mbele, mgongo unapotea. Nikiiweka nyuma, bibi yuko wazi, na hilo haliwezekani mtandaoni wala nyumbani. Natumia Blender, ile kalamu yake ya 2D, kwa sababu ni ya bure.

Fundi Vikaragosi

Waaleikum salaam dada. Nilikuwa nasubiri mtu aulize hivi. Una haki, hapa foleni haikusaidii. Foleni inajibu swali la kitu kizima kuwa mbele au nyuma. Kitu kinachouzunguka mwili kiko pande zote mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo si kitu kimoja tena. Kikate.

Ukate wapi? Kwenye ukingo wa mwili, pale khanga inapokunja kona kuja mbele, kushoto kimoja na kulia kimoja. Unapata vipande vitatu: cha mgongoni kikae nyuma ya bibi, cha ubavu wa kwanza mbele ya bibi, na cha ubavu wa pili mbele ya hicho cha kwanza. Maungio yasionekane, kwa hiyo kipande cha nyuma kipitilize kidogo ndani chini ya mwili, na cha mbele kianzie ukingoni kabisa. Vipande vya mbele vianze vikiwa vyembamba kama uzi pembeni ya mwili, kisha unavitanua kuja kifuani mkono unavyovuta. Hakuna foleni inayobadilika hapo hata mara moja, labda mkono tu, unapotoka nyuma ya mgongo kuja mbele. Na mkono ule unapita pembeni ya mwili, mahali pana hewa. Fremu yako ni hiyo.

Kuhusu Blender sijui sana, aliye nayo amsaidie.

Mama Z

Niko nayo nyumbani. Binti, leya zilizo ndani ya kitu kimoja cha kalamu huwezi kuziwekea ufunguo wa mpangilio, usipoteze muda kutafuta. Fanya mkono uwe kitu chake, khanga vitu vyake, bibi kitu chake. Vitu vinapangwa kwa umbali wake toka kamera. Ukitazama kwa mbele, umbali ni mhimili wa Y, basi sogeza mkono kidogo tu kwenye Y na uweke ufunguo. Kamera iwe ile isiyo na mtazamo wa mbali na karibu, ndipo mkono hautakua wala kupungua. Na ufunguo wenyewe uwe wa kuruka, usiojaza njia, kama nilivyosema juu. Ukitaka ya bure nyingine, OpenToonz ina namba ya foleni kwa kila safu, na inawekewa ufunguo.

Bishoo wa Penseli

Nimesoma uzi wote. Mngechora hizo fremu 22 kwa mkono, moja moja, mngekuwa mmemaliza juzi. Kwenye karatasi mguu unakwenda unakotaka, hauombi ruhusa kwa mzazi.

Fundi Vikaragosi

Bishoo, kwa shoti moja una haki na nimewahi kufanya hivyo. Tangazo hili lina abiria watatu wanaopanda, na mteja alibadilisha suruali mara mbili. Wewe ungerudia kuchora fremu 132.

Bishoo wa Penseli

Ningemtoza 132.

Binti Makunduchi

Nimerudi. Nimekata vipande vitatu kama ulivyosema kaka, na mkono nimeusogeza kwenye Y kama alivyosema Mama Z. Imekubali, alhamdulillahi, bibi kajifunga. Tatizo moja tu: kipande cha ubavu wa pili nilikikopi kutoka cha kwanza nikakigeuza, na sasa jina la khanga linasomeka kinyume. Mama yangu kaliona kabla hajaona kitu kingine chochote.

Fundi Vikaragosi

Hahaha. Dada, jina lichore leya yake peke yake juu ya kipande, usiligeuze pamoja na kitambaa. Na usisahau kwamba likipita kwenye mkunjo herufi za katikati zinamezwa. Tuwekee picha tusome imeandikwaje.